Kubeba Pikipiki Nyuma ya Gari kwa Keria: Mwongozo Kamili

Ukimuuliza mwenye Prado au Hilux kama gari lake linaweza kubeba pikipiki kwa nyuma, jibu huja haraka: gari hili linavuta tani mbili na ushee, litashindwaje na pikipiki ya kilo mia na kitu? Jibu hilo ndilo linalopinda vyuma na kudondosha pikipiki katikati ya barabara, basi likiwa linakuja nyuma yako.

Kuvuta ni kazi moja, kubeba ni kazi nyingine. Trela lina magurudumu yake, na karibu uzito wake wote unakaa juu ya ekseli yake lenyewe. Ndoano ya gari inapokea sehemu ndogo tu ya uzito huo na kuuburuta. Keria haina gurudumu. Kila kilo ya pikipiki inaning'inia kwenye chuma kimoja kilichochomoza nyuma ya gari, na inaruka na kushuka kila gari linapopita kwenye tuta. Ukilielewa hilo, mengine yote yaliyomo humu yatakuja kwa urahisi.

Keria ninayoizungumzia ni ile inayochomekwa kwenye ndoano ya kuvutia trela: reli moja ya chuma iliyokaa kukingama nyuma ya gari, pikipiki ikasimama juu yake ubavu ukiangalia bampa. Inawafaa wanaopeleka pikipiki ya porini kwenye mashindano, anayempelekea ndugu yake boda boda kijijini bila kukodi Fuso, au familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Lushoto na mmoja wao anataka kuzunguka Irente na Mtae kwa pikipiki yake. Safari hiyo ya Lushoto nitaitumia kama mfano, kwa sababu ina kila kitu: lami ndefu, matuta, na mwisho mlima wa kona.

Tafuta namba ya kubeba, siyo ya kuvuta

Ndoano yoyote iliyotengenezwa kiwandani ina kibati au stika. Inama uitafute, ifute tope kwa kitambaa. Kwenye ndoano za viwango vya Ulaya utaona herufi D na herufi S. D inahusu kuvuta. S ni kilo zinazoruhusiwa kukandamiza ndoano kwenda chini, na hiyo ndiyo yako. Kwa magari mengi madogo S haivuki kilo 100, wakati mwingine ni 75 tu. Kwa hiyo walioko Uingereza au Ujerumani wenye gari dogo la familia wasijisumbue: keria ya baiskeli itakaa hapo, ya pikipiki hapana.

Walioko Marekani na Kanada wana mfumo wa madaraja. Daraja la kwanza na la pili hutumia tundu la mraba, ambamo keria huchomekwa, la inchi moja na robo, na mzigo wa kushuka chini unaishia kati ya kilo 90 na 160. Hayo pia si ya pikipiki. Daraja la tatu lina tundu la inchi 2, na hapo mzigo huanzia kama kilo 227 hadi 360 kutegemea ndoano na gari. Anzia hapo.

Kisha fungua kitabu cha gari. Gari lenyewe lina kikomo chake, na mara nyingi ni kidogo kuliko cha ndoano. Keria nayo ina kikomo chake. Katika namba hizo tatu, iliyo ndogo ndiyo inayotawala. Usichukue wastani, na usiseme fundi alikuambia haina shida.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la nyongeza. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja bila ndoano, na ndoano huchomelewa Gerezani ya Dar es Salaam, Kamukunji ya Nairobi au kwa fundi wa jirani. Wapo mafundi hodari sana, lakini ndoano ya namna hiyo haina namba, na hakuna aliyeipima. Inaweza kuvuta trela la mbao miaka kumi bila tatizo, halafu ikakatika siku ya kwanza ya kubeba pikipiki, kwa sababu haikutengenezwa kwa kazi ya kupindwa. Ndoano isiyo na namba ya kubeba, usiitundikie pikipiki. Tafuta ndoano ya kiwandani ya gari lako au tumia trela.

Pima, usikisie

Pikipiki za kazi kama Boxer ya 150 na TVS HLX ziko kwenye kilo 110 hadi 130. Za porini kama KTM 250 za mashindano ziko karibu na 105 bila mafuta, Honda CRF250L iko kwenye 140 na kitu. Africa Twin ya 1100 inavuka 220, na BMW R1250GS inakaribia 250. Hizo mbili za mwisho nitasema moja kwa moja: zipande trela. Wapo wanaozibeba kwa keria, na keria zinazodai kuziweza zinauzwa, lakini mimi simshauri mtu yeyote. Kikomo changu ni pikipiki ya kilo 150.

Pikipiki yako inawezekana imeshafungwa vyuma vya kinga, keria ya mzigo, boksi la chakula. Ipime. Mizani ya bafuni inatosha: weka gurudumu la mbele juu ya mizani, na la nyuma juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani ili pikipiki ikae usawa. Mwenzako aishike wima kwa vidole bila kuikandamiza, soma namba. Geuza, pima la nyuma. Jumlisha. Tangi likiwa na mafuta, kila lita ni kama robo tatu ya kilo.

Ongeza uzito wa keria. Ya chuma huwa kilo 30 hadi 45, ya aluminiamu kama 20 na kitu. Ongeza ubao wa kupandishia kama unasafiri juu ya keria hiyo hiyo, na mikanda. Tuseme pikipiki 120, keria 35, vikorokoro 5. Jumla kilo 160.

Sasa angalia kilo 160 hizo zinalifanyia gari nini. Prado ya mfululizo wa 150 ina karibu mita 2.8 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Chukua kwamba katikati ya pikipiki iko mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma, ukihesabu mkia wa gari na nafasi ya keria. Zidisha 160 kwa 1.6, gawanya kwa 2.8: unapata 91. Maana yake magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo 91, na ya nyuma hayakuongezewa 160 bali 251. Gari limekuwa kama mbao ya bembea: upande wa nyuma umekaliwa, wa mbele umenyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa zinapoteza mshiko, na taa zinaangaza mitini.

Ndiyo maana mizigo mingine yote ya safari isogezwe mbele. Abiria wawili wa siti ya mwisho, jenereta na magunia ya viazi vya kurudi navyo kutoka Lushoto visiwe nyuma kabisa siku hiyo. Na ndiyo maana sijazi kikomo cha ndoano. Kwa lami tupu nakaa ndani ya theluthi mbili za namba iliyoandikwa, kwa barabara ya vumbi nusu yake. Kilo 160 zetu zinahitaji ndoano ya 240 kwa lami na 320 kwa vumbi. Namba ya kibati imepimwa kwa mzigo uliokaa kwenye ndoano yenyewe, lakini pikipiki inakaa nusu mita nyuma zaidi na inarukaruka.

Lala chini ya gari

Vaa nguo chakavu, chukua tochi, ingia chini. Unatazama mambo machache.

Ndoano imefungwa wapi? Inatakiwa ishike kwenye chasisi, kwenye mihimili miwili mikubwa inayopita chini ya gari kushoto na kulia. Ikiwa imeshika kwenye bampa, au kwenye bati la sakafu ya buti, kazi imeishia hapo.

Boliti za nini? Kichwa cha boliti ya chuma kigumu kimegongwa namba, 8.8 au 10.9. Boliti isiyo na namba ni ya kufungia geti. Zijaribu zote kwa spana, moja baada ya nyingine. Ukikuta moja inazunguka, jiulize zingine zimekuwa zikifanya kazi ya nani.

Penye kuchomelewa, safisha kwa brashi ya waya na utazame kwa karibu. Ufa huanza kama unywele wa kutu: mstari mwembamba wa kahawia unaofuata ukingo wa welda hata kama rangi ya pembeni bado ni nzima. Ukiona mstari huo, usiupake rangi. Kwa magari ya Pwani, Tanga, Mombasa, Zanzibar na kwingineko, kutu ya chumvi hula ndani ya tundu la mraba kabla haijaonekana nje. Ingiza kidole ndani. Kikitoka na magamba ya chuma, chukua nyundo ndogo ugonge kote ukisikiliza. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa mlio mfu.

Kama ndoano yako ina kile kichwa cha duara cha milimita 50 tu, bila tundu la mraba, usikubali keria ya pikipiki inayobana juu ya kichwa hicho. Kichwa cha duara kimetengenezwa ili kizunguke ndani ya trela. Mzigo wa pikipiki unataka kukizungusha kila upande, na kinachozuia ni mkazo wa kibano peke yake. Kuna ndoano ambazo kichwa chake hufunguka kwa boliti, hapo unaweza kupata sehemu ya mraba ya kiwandani inayoingia mahali pake. Hakikisha nayo ina namba yake.

Keria yenyewe

Keria nzuri utaijua kwa vitu hivi: bomba la mraba la inchi 2 lenye ukuta mnene wa karibu milimita 6, pembetatu za chuma pale bomba linapokutana na reli, kishikio kinacholibana gurudumu la mbele kutoka pande mbili, na matundu ya kufungia mikanda yasiyopungua manne, yakiwa mbali na reli iwezekanavyo. Hili la mwisho watu hulipuuza. Matundu yakiwa chini ya injini tu, mikanda inashuka wima kama kamba ya kisima na haizuii pikipiki kulala. Inatakiwa mikanda ifungue miguu, nyuzi 45 hivi kutoka wima.

Ingiza bomba, pitisha pini. Kwa tundu la inchi 2 pini ni ya milimita 16, na mwisho wake uwe na kipini cha kuzuia au kufuli. Weka kufuli, ukisimama kula Chalinze utakula kwa amani.

Sasa shika ncha ya keria na uitikise kwa nguvu, juu na chini, kisha kama unaizungusha. Itacheza. Bomba huwa dogo kidogo kuliko tundu, na mchezo wa milimita moja pale kwenye tundu unakuwa wa sentimita kadhaa kwenye ncha ya pikipiki. Mchezo huo ukiachwa, kila tuta ni nyundo inayogonga pini, na pini ikishapanuliwa tundu lake, huna tena keria. Dawa yake ni kibano cha kuzuia mchezo: kipande cha chuma cha umbo la U chenye boliti mbili kinacholikandamiza bomba dhidi ya ukuta wa tundu, au pini yenye nyuzi inayolivuta bomba upande mmoja. Kaza kwa spana ndefu. Tikisa tena. Gari zima lisogee pamoja na keria, kama ni chuma kimoja. Hapo ndipo pa kuendelea.

Angalia eksozi. Bomba la moshi la gari mara nyingi linatoka chini ya bampa upande mmoja, na tairi ya pikipiki inaweza kukaa mbele yake kabisa. Kwa safari ya saa nyingi, moto huo unalainisha mpira na unaweza kukata mkanda. Geuza pikipiki iangalie upande mwingine, au fundi aweke kiwiko cha kuelekeza moshi chini.

Andaa pikipiki

Mafuta yabaki kidogo, lita mbili zinatosha kufika kituo cha kwanza. Funga koki ya mafuta kama ina kabureta. Toa boksi, vioo vya pembeni, turubai la mvua, chochote ambacho upepo unaweza kukichezea. Usifunge usukani kwa ufunguo, ile loki ndogo haikuumbwa kubeba msukosuko wa barabara na inavunjika. Chomoa ufunguo uweke mfukoni.

Pikipiki ikiwa bado ardhini, imesimama kwa stendi, naweka vitanzi laini mahali pake. Hivi ni vipande vifupi vya utepe mnene vilivyoshonwa kuwa duara, mkanda unashika kitanzi na kitanzi kinashika pikipiki, ili ndoano ya chuma isikwaruze. Kwa mbele, vitanzi vikae kwenye chuma kizito kinachoshikilia shokapu za mbele, chini ya usukani, kushoto na kulia. Usifunge kwenye vishikio vya mpira, kwenye waya za klachi, wala kwenye chuma cha taa. Kwa nyuma, shika fremu chini ya siti au mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Pa kukanyagia abiria pakiwa pa kukunja, pasahau.

Kupandisha: watu wawili, siku zote

Ndoano ya Prado au Hilux iko karibu nusu mita kutoka ardhini. Kuisukuma pikipiki ya kilo 120 kupanda nusu mita juu ya ubao wa upana wa kiganja ni kazi ya watu wawili, hata kama wewe ni jabali.

Gari lisimame mahali tambarare, hendibreki juu, gia ndani, jiwe au kabari nyuma ya tairi za nyuma. Ubao wa kupandishia ufungwe kwenye keria kwa mkanda mdogo. Ubao usiofungwa huteleza nyuma pale gurudumu la nyuma linapoupanda, na pikipiki yote hushuka kwa mpigo. Mmoja anasimama kushoto kwa pikipiki, mkono wa kulia kwenye breki ya mbele kupitia juu ya tangi, kushoto kwenye usukani. Mwingine anasukuma kutoka nyuma kwa ubavuni. Asisimame nyuma ya gurudumu kamwe. Msitumie injini. Ukishavuta klachi na kutia moto, kosa dogo la kidole linairusha pikipiki ipitilize reli.

Gurudumu la mbele likiingia kwenye kishikio, ingiza gia ya kwanza ili isirudi, na yule wa kushoto asiachie. Haachii mpaka mikanda miwili ya mbele imekazwa. Stendi inabaki imekunjwa muda wote. Pikipiki iliyosimama kwa stendi juu ya keria haifungiki, kwa sababu kila ikiruka, stendi inaisukuma upande.

Kufunga

Kamba ya manila, mpira wa tyubu na zile kamba za kuvutika zenye ndoano mbili haviruhusiwi kwenye kazi hii. Vinavutika, na kinachovutika kinaachia. Tumia mikanda ya racheti, minne mizima ya kushika pikipiki yenyewe na mmoja wa akiba. Soma lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: namba ya kukatika ni kubwa, namba ya kufanyia kazi kwa kawaida ni theluthi yake. Fuata hiyo ndogo. Kila mkanda uwe na angalau kilo 250 za kufanyia kazi. Mkanda usio na lebo mrudishie muuza duka.

Anza mbele. Ndoano ya chini kwenye keria, ya juu kwenye kitanzi. Pitisha ncha ya mkanda kwenye mpasuo wa racheti, ivute kwa mkono mpaka ulegevu uishe, ndipo uanze kukaza. Kwenye ule mhimili wa racheti unataka mizunguko miwili au mitatu. Mmoja unateleza, sita inajaza na kukwama siku ya kufungua. Kaza kushoto mara chache, nenda kulia, rudi kushoto, ukitazama usukani ubaki umenyooka. Shokapu za mbele zitaanza kuzama. Simama zikiwa zimezama kati ya theluthi na nusu ya safari yake. Zisipozama, pikipiki itaruka na mikanda italegea kila ikitua. Zikizama mpaka mwisho, mafuta yanasukuma sili na utafika Lushoto shokapu zinavuja. Kwa pikipiki ya porini yenye madigadi ya juu unaweza kuweka kipande cha mbao kati ya tairi na chuma cha juu, kinazuia shokapu kuzama kupita hapo. Kwenye Boxer nafasi hiyo haipo, tumia jicho.

Nyuma mikanda inakaza kwa kiasi, kazi yake ni kuzuia mkia kuyumba na gurudumu kuhama kwenye reli. Funga pia kila gurudumu kwenye reli kwa mkanda mwembamba, na mwingine ubane breki ya mbele ikiwa imekamatwa.

Mkanda unaopita kwenye ukingo wa chuma, uvishe kipande cha mpira au bomba la maji lililopasuliwa. Uupe msokoto mmoja katika urefu wake, la sivyo upepo utaupiga mpaka ulie na kujilegeza wenyewe. Ncha zinazobaki zisokote uzifunge. Ncha inayoburuzika inaweza kuingia kwenye tairi.

Mwisho, mikanda miwili kutoka ncha za keria kwenda kwenye chasisi, mmoja kila upande. Huzuia keria nzima isijizungushe kwenye tundu. Sijaona mtu aliyeifunga akajuta.

Kipimo ni hiki: shika siti ya pikipiki uitikise kwa nguvu zako zote. Gari liyumbe, pikipiki isiyumbe peke yake.

Taa, namba na upana

Pikipiki itaziba kibao cha namba na pengine taa za nyuma. Kwa Tanzania na Kenya, namba isiyoonekana ni kosa, na trafiki atakusimamisha kwa haki. Hamishia kibao chenyewe nyuma ya keria, usiandike cha mkono. Kwa taa, nunua ubao wa taa wa trela unaochomekwa kwenye tundu la umeme la pini 7: breki, indiketa na taa za usiku zote zionekane. Mtu asimame mita kumi nyuma, wewe ukanyage breki na kuwasha indiketa, akuambie anaona nini.

Pikipiki ina urefu wa mita 2 hivi, Prado na Hilux zina upana usiofika 1.9. Inachomoza pande zote mbili, na kwa kuwa iko nyuma hutaiona kwenye vioo vizuri. Funga kitambaa chekundu na vibandiko vya kung'aa kila ncha. Kumbuka pia kwamba mlango wa nyuma hautafunguka: toa mapema spana, jeki, maji na pembetatu za dharura.

Jaza upepo tairi za nyuma kwa kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Shusha taa kubwa kwa ile swichi ya pembeni kama ipo.

Barabarani

Ondoka alfajiri na panga kufika mchana. Usiku usitembee na mzigo huu ukiweza kuepuka.

Mkanda hulegea zaidi mwanzoni mwa safari, unapokalia mahali pake. Kwa hiyo simama baada ya kilomita 10 au 15 za kwanza, kabla ya foleni na malori. Halafu Kibaha, Chalinze, Segera, na lazima Mombo. Kila ukisimama: gusa kila racheti, tikisa pikipiki, tazama pini, weka kiganja karibu na tairi na mkanda ulio jirani na eksozi. Dakika tatu.

Mwendo usizidi 80 kwa saa, hata lami ikikualika. Acha nafasi mara mbili ya kawaida na gari la mbele. Kwenye matuta na rasta (vituta vidogo vya mfululizo), ambazo njia hiyo inazo kwa wingi kila kijiji, shuka mpaka mwendo wa mtu anayetembea, na uyapite ukiwa umenyooka. Wapo wanaolala pembeni ili tairi moja itangulie. Ukiwa na keria, mtindo huo unaizungusha kwenye tundu, kushoto kisha kulia. Kwenye mitaro ya kukatiza maji na vipandio vikali vya vituo vya mafuta, keria inaweza kugusa chini, hivyo ingia polepole mtu akitazama.

Mabasi yanayopishana nawe kwa kasi hutoa upepo wa kusukuma. Shika usukani kwa mikono miwili, usifunge breki ghafla. Ukihisi mbele pamekuwa pepesi, au gari linatikisa mkia, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, simama pembeni palipo salama, na utafute sababu kabla ya kuondoka tena.

Kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto barabara ni nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye kona kali mkia wa gari hukata njia tofauti na pua, na ncha ya pikipiki ndiyo iliyo nje zaidi. Piga honi kabla ya kona, nenda gia ya chini, usijibane ukutani kumpisha mtu. Kurudi ni vigumu zaidi, kwa sababu unashuka: tumia gia kushikilia gari na uache breki zipoe.

Barabara za vumbi za huko juu, kuelekea Mtae na kwingineko, usizipite na pikipiki juu ya keria. Ishushe Lushoto na uiendeshe, ndicho ulichokuja kufanya.

Kushusha

Gari mahali tambarare, kabari kwenye tairi, ubao umefungwa, watu wawili tena. Mmoja ashike pikipiki kabla racheti ya kwanza haijaguswa. Fungua za chasisi, za magurudumu, za nyuma, mbele mwisho. Shokapu zilizokandamizwa zinataka kuruka, na mkono wa racheti ukifunguliwa ghafla unaweza kupiga vidole. Weka kiganja juu yake, mgongo wa mkono nje, na uanze na racheti ya upande ulio mbali na mwenzako ili pikipiki imwendee yeye. Kisha upande wa pili. Toa gia, shika breki ya mbele, iteremke kinyumenyume hatua kwa hatua.

Keria isiyobeba kitu iondoe kwenye gari. Inaumiza miguu ya watoto na inakugongea ukuta ukirudi nyuma. Paka grisi ndani ya tundu, pini itoke kirahisi safari ijayo. Mikanda isiachwe juani, kwani jua linaichosha hata kama haijabeba kitu. Ioshe kwa maji baridi, ianike kivulini, na ile yenye mpasuko hata wa ukucha mmoja ikate vipande viwili ili asije mtu mwingine akaiokota na kufungia mzigo.